Kipa mkongwe auzwe au abaki? Tuliangalie sakata la Luongo na Schneider pale Vancouver

#1 Nyavu_Ndogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapokaribia siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, mwanzoni mwa Machi, redio za michezo huku Kanada zinageuka kijiwe cha swali moja: kipa wetu namba moja amekula chumvi nyingi, tumtoe sasa tupate chochote au tubaki naye mpaka nyonga zigome? Juzi kwenye uzi wa makipa wa Ligi Kuu ya Uingereza mdau mmoja alishangaa inakuwaje timu ya hoki ya barafuni imtoe kipa bora wa ligi nzima halafu ipewe mchezaji asiyejulikana. Nikaona hilo halijibiki kwa mistari miwili. Naishi Surrey, jirani kabisa na Vancouver, na sakata ninalolijua nje ndani ni la Roberto Luongo na Cory Schneider. Tuanzie hapo.

Kwa wageni wa mchezo, haraka haraka. Goli la hoki ni dogo, upana sentimita 183 na kwenda juu 122. Kinachochezwa ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi, na kikipigwa vizuri kinavuka kasi ya kilomita 150 kwa saa. Msimu wa kawaida una mechi 80 na ushee, kipa namba moja anadaka 55 au 60 kati ya hizo, ila ukifika mtoano anadaka zote labda aumie au aboronge. Kwa hiyo kipa mmoja akiwaka moto mwezi wa tano, timu iliyoingia ya nane inaweza kumpeleka likizo bingwa wa msimu.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya watu wa soka. Huku hakuna ada ya uhamisho. Huji na dola milioni 50 ukaondoka na mchezaji. Timu zinapeana wachezaji, au zinapeana zamu za kuchagua chipukizi kwenye drafti. Juu ya yote kuna kikomo cha mishahara ambacho klabu yoyote, iwe tajiri namna gani, hairuhusiwi kukivuka. Kwa hiyo tukisema "kumuuza" kipa, nusu ya biashara ni kipaji chake, nusu nyingine ni mkataba anaoburuza nyuma yake.

Haya, Luongo. Mzaliwa wa Montreal, 1979. New York Islanders walimchagua wa nne kwenye drafti ya 1997, kisha mwaka 2000 wakampeleka Florida kwa kuwa walikuwa wanamtaka Rick DiPietro, wakamchukua wa kwanza kabisa mwaka huo. (DiPietro huyo baadaye alipewa mkataba wa miaka 15 kwa dola milioni 67.5. Hilo tuliache, linahitaji uzi wake na sanduku la leso.) Juni 2006 Luongo akatua Vancouver Canucks, na msimu wa kwanza tu akashinda mechi 47. Mwaka 2008 wakamfanya nahodha. Sheria hairuhusu kipa kuvaa ile herufi ya nahodha kwenye jezi, basi akaichora kwenye kofia yake. Februari 2010 alikuwa langoni Kanada ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki, hapo hapo Vancouver.

Kabla ya hapo, Septemba 2009, klabu ilishampa mkataba wa miaka 12, dola milioni 64. Mkumbuke hiyo namba.

Nyuma yake alikuwa amekaa Schneider, mdogo wake kwa miaka saba. Mtoano wa 2011, raundi ya kwanza dhidi ya Chicago, Vancouver wakaongoza mechi 3-0, wakibakiza ushindi mmoja tu wapite. Ya nne wakapigwa 7-2, ya tano 5-0, zote mbili Luongo akatolewa golini. Ya sita kocha Alain Vigneault akamwanzisha Schneider. Kipindi cha tatu Michael Frolik wa Chicago akapewa penalti, akafunga, na Schneider kwenye kule kujinyoosha misuli ya mguu ikambana, akabaki amelala barafuni. Aliyeamka benchi kuvaa kofia ni nani? Luongo. Akafungwa dakika za nyongeza. Halafu mechi ya saba akadaka kama si yeye, wakashinda 2-1, wakaenda mpaka fainali.

Fainali na Boston Bruins mnaijua. Luongo alidaka mechi mbili nyumbani bila kuruhusu goli, zote 1-0. Kule Boston akapigwa nane, akapigwa nne, mechi ya sita akatolewa kabla dakika ya tisa haijaisha. Mechi ya saba nyumbani, tarehe 15 Juni 2011, wakalala 4-0 na mji ukawaka moto. Moto wa kweli, magari na maduka.

Msimu uliofuata Schneider akaokoa asilimia 93.7 ya michomo katika mechi 33, Luongo asilimia 91.9 katika mechi 55. Mtaona tofauti ndogo, lakini katika michomo elfu moja hiyo ni magoli 18. Mtoano wa 2012 dhidi ya Los Angeles Kings, Luongo akapoteza mechi mbili za mwanzo, ya tatu kocha akamweka kijana na hakurudi nyuma. Wakatolewa kwa mechi tano.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tubishane. Juni 2012 Vancouver wakampa Schneider mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 12. Siku hiyo kila meneja mkuu wa ligi alijua kwamba Vancouver wana makipa wawili wanaokula zaidi ya milioni tisa kwa mwaka chini ya kikomo, na kwamba mmoja lazima aondoke. Ukishajulikana kwamba lazima uuze, huna bei tena. Wakazungushwa msimu mzima. Tarehe 3 Aprili 2013, siku ya mwisho, mazungumzo na Toronto yakavunjika, na Luongo akasimama mbele ya kamera akasema mkataba wake ni mbovu na kwamba angeweza angeufutilia mbali.

Mwisho wa siku? Tarehe 30 Juni 2013, kwenye drafti pale Newark, kamishna Gary Bettman akapanda jukwaani akatangaza kwamba Schneider, yule kijana, ndiye anayekwenda New Jersey Devils kwa chaguo la 9. Ukumbi wa Newark ukalipuka kwa shangwe, Vancouver watu wakashika vichwa. Miezi minane baadaye, tarehe 4 Machi 2014, Luongo naye akaenda Florida. Makipa wawili wa daraja la kwanza, wote nje ndani ya mwaka mmoja, na kiangazi hicho klabu ikaenda kumsajili Ryan Miller kwa milioni 18.

Msimamo wangu: watu wanakodolea macho umri wa mzee, wakati saa inayopaswa kuangaliwa ni mkataba wa kijana. Kijana akiwa bado analipwa kidogo una muda na una bei. Vancouver walikuwa na Schneider kwa chini ya milioni moja kwa mwaka mpaka 2012. Ama wangemuuza Luongo kiangazi cha 2011, akiwa ametoka fainali, ama wangemuuza Schneider wakati huo huo na kumaliza mjadala. Walichofanya ni kusubiri mpaka saa ikalia.

Karibuni, ila matusi kwa mashabiki wa Boston tupunguze.

#2 MwanaKigamboni

Uzi mtamu mkuu. Lakini mbona hii haina tofauti na De Gea? Manchester United walimng'ang'ania tangu 2011, mshahara mnono, mwishoni 2023 akaondoka bure. Hawakupata hata senti. Angalau Vancouver walipewa watu.

#3 Nyavu_Ndogo

Mkuu, tofauti iko hapa: United walipoamua kubadilisha kipa walikwenda Inter na pesa, wakamchukua Onana. Mshahara wa De Gea ulikuwa unawauma mfukoni tu. Kwenye NHL mshahara wa kipa unakula nafasi ya beki wako, ya mshambuliaji wako, ya kila mtu. Milioni moja uliyoikosea langoni, unaiona pengo lake kwenye mstari wa tatu wa washambuliaji. Ndiyo maana mtu yuko radhi kumtoa kipa mzuri bure kabisa, almradi mkataba uondoke naye.

#4 Beki_Tatu

Mleta uzi umeandika vizuri lakini mfano wako umejifunga wenyewe, nao ulikuwa mbele ya macho yako kwenye fainali hiyo hiyo.

Nani alidakia Boston 2011? Tim Thomas. Umri? Miaka 37. Na mwaka mmoja kabla, 2009-10, Thomas alikuwa ameshapokonywa namba na kijana Tuukka Rask, nyonga inamsumbua, anaishia kufanyiwa upasuaji. Kiangazi cha 2010 habari zote Boston zilikuwa ni kumtoa Thomas wabaki na Rask. Kwa kanuni yako ya "angalia mkataba wa kijana", Thomas alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Msimu uliofuata akaokoa asilimia 93.8 ya michomo, rekodi ya ligi kwa wakati ule, akabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Wangemuuza kwa hesabu zako, leo Vancouver wana kombe na wewe hufungui uzi huu.

Kipa mkongwe hachakai kama beki. Beki akipoteza kasi kaisha. Kipa anasoma mchezo, anajua mshambuliaji gani anapiga wapi. Mimi nasema usiuze mkongwe mpaka akuangushe mwenyewe, mara mbili mfululizo.

#5 Nyavu_Ndogo

Beki_Tatu, hapo umenipa silaha badala ya kuninyang'anya. Boston waliweza kukaa na wote wawili kwa sababu Rask alikuwa bado kwenye mkataba wa kijana, analipwa kidogo. Saa ilikuwa haijalia! Walikuwa na anasa ya kumsubiri mzee aone kama nyonga itapona. Tena hata wangetaka kumuuza, nani anatoa kitu cha maana kwa kipa wa miaka 36 aliyetoka kupasuliwa nyonga na ana milioni tano kwa mwaka? Bei ilikuwa chini, wakabaki naye, akawalipa.

Na hilo la kusubiri akuangushe mara mbili: Luongo aliangushwa na Chicago 2009, akaangushwa na Chicago 2010, 2011 yakatokea yaliyotokea. Unahesabu kuanzia lipi?

#6 Dada_wa_Burnaby

Jamani huyu Luongo mnamwonea na mimi sitakaa kimya.

Fainali ya 2011 Vancouver walifunga magoli mangapi katika mechi saba? NANE. Boston 23, sawa, lakini nane! Mechi mbili alizodaka bila kuruhusu goli ilibidi zote ziishe 1-0 ndiyo washinde, maana wale washambuliaji mapacha, akina Sedin, na wenzao walikuwa wameganda kuliko barafu yenyewe. Kipa gani anashinda kombe wenzake wakifunga goli moja tu kila mechi?

Halafu mleta uzi umeruka sehemu inayouma zaidi. Tarehe 2 Machi 2014. Mechi maalumu ya Heritage Classic ndani ya uwanja wa BC Place, watu zaidi ya elfu 54, na mimi nikiwa mmojawapo, siti za juu kabisa, baridi ya nje bora. Mji mzima umekuja kumwona Luongo, ametoka Olimpiki ya Sochi na medali ya pili ya dhahabu. Kocha John Tortorella anamwanzisha Eddie Lack, kijana wa msimu wake wa kwanza. Kwa msiojua, Luongo akiokoa, uwanja mzima unavuta "Luuuuu", mgeni anaweza kudhani anazomewa. Siku ile tulianza kumwita akiwa amekaa benchi na kofia ya kawaida kichwani, anatafuna ubani, anatazama mbele tu. Lack maskini akishika kisahani, watu wanamguna, na kosa si lake. Tukafungwa 4-2 na Ottawa. Siku mbili baadaye Luongo hayupo.

Hilo ndilo swali ninalotaka mjibu nyie wa mahesabu. Chumba cha kubadilishia nguo kinaona. Wachezaji wakiona mtu aliyewabeba miaka nane anafanyiwa hivyo, nani atakubali kupunguza mshahara ili abaki kwenu? Msimu ule timu haikufika hata mtoano, meneja mkuu Mike Gillis akafukuzwa Aprili, Tortorella Mei.

#7 Ropoka254

Nairobi hapa. Hoki ya barafu mimi nimeionea Panari, Barabara ya Mombasa, vijana wa Ice Lions wakifanya mazoezi kwa kile kiwanja chao kidogo, kwa hivyo mniwie radhi wataalamu. Lakini NHL nafuata usiku, na kama ni kutendewa vibaya basi tuongee kipa Marc-André Fleury.

Timu ni Vegas Golden Knights. 2020 kwa mtoano wanamweka benchi, Robin Lehner anadaka. Ajenti wa Fleury akapost picha ya Fleury amechomwa upanga mgongoni, na upanga umeandikwa jina la kocha, DeBoer. Vituko. Fleury akanyamaza, akarudi msimu wa 2020-21 akiwa na miaka 36 akachukua Vezina, yaani kipa bora wa ligi, mara ya kwanza maishani mwake. Julai 2021 Vegas wakampeleka Chicago. Walipewa nani? Mikael Hakkarainen. Ndiyo huyo ambaye yule jamaa wa uzi mwingine alikuwa anauliza. Hakuwahi kuchezea Vegas hata dakika moja. Na siku hiyo ajenti akaandika kwa Twitter kwamba Fleury mwenyewe hajaambiwa chochote na klabu.

Sababu? Milioni saba kwa mwaka. Walikuwa na Lehner kwa milioni tano, hawangeweza kubeba wote.

Sasa cheki utamu: msimu uliofuata Vegas wakakosa mtoano, mara ya kwanza tangu timu ianzishwe. Mashabiki wakasema ni laana ya Fleury. Msimu uliofuata tena, 2023, wakachukua kombe, na kipa akiwa Adin Hill, ambaye alianza msimu hata si namba moja. Lehner alikuwa hospitali ya nyonga na hajarudi kucheza mpaka leo.

Kwa hivyo mimi nauliza: pengine mnapigania kiti ambacho hakina thamani mnayodhani? Jenga ukuta wa mabeki, weka kipa wa kawaida, maisha yaendelee.

#8 MwanaKigamboni

"Kipa wa kawaida" aliyepigwa michomo ya kilomita 150 kwa saa. Ropoka hebu simama wewe golini hapo Panari tukuone.

#9 Beki_Tatu

😂😂 Aanze na kuteleza bila kushika ukuta kwanza.

Ila Ropoka ana hoja nusu. Hill 2023 alikuwa na mabeki wakubwa mbele yake. Timu isiyo na mabeki ikimtoa kipa wake, inajitoa yenyewe. Kwa hiyo jibu la "auzwe asiuzwe" linatokana na nani anasimama mbele yake. Hilo Nyavu_Ndogo hujaligusa kabisa.

#10 Mhasibu wa Usiku

Nimesoma kimya kimya mpaka sasa. Naomba niwarudishe kwenye zile milioni 64, maana mleta uzi alisema tuzikumbuke halafu akazisahau.

Mkataba ule ulitengenezwa kijanja. Kwenye kikomo unahesabiwa wastani: 64 gawanya kwa 12, milioni 5.33 kila mwaka. Lakini pesa halisi zililipwa mbele: milioni 10 mwaka wa kwanza, milioni 6.7 na ushee kwa miaka saba iliyofuata, kisha 3.38, kisha 1.62, kisha moja na moja. Miaka ya mwisho iliwekwa kushusha wastani tu, kila mtu akijua kwamba mtu wa miaka 42 hatakuwa golini.

Ligi ikakasirika. Mgomo wa wenye timu ulipoisha Januari 2013, makubaliano mapya yakaja na adhabu inayorudi nyuma: mchezaji mwenye mkataba wa namna hiyo akistaafu mapema, ile nafuu klabu iliyoipata kwenye kikomo inarudishwa, hata kama alishahamia timu nyingine. Luongo alistaafu Juni 2019, miaka mitatu ikiwa imebaki. Alikuwa ameshalipwa kama milioni 60.4, wakati kwenye kikomo zilihesabiwa milioni 48 tu kwa miaka tisa. Pengo ni milioni 12.4. Ligawanye kwa misimu mitatu, mgao wa Vancouver ukawa kama milioni 3.03 kila msimu, wa Florida kama 1.09.

Yaani Vancouver walimtoa 2014, na mpaka 2022 bado walikuwa wanamlipia nafasi. Ongeza na asilimia 15 ya mshahara wake waliyokubali kuendelea kuibeba siku ya kumtoa, ndiyo Florida wakakubali. Mnaposema "Toronto walikataa 2013", walikataa hicho. Dave Nonis aliyekuwa meneja mkuu wa Toronto ndiye huyo huyo aliyemleta Luongo Vancouver mwaka 2006. Kipa alikuwa anamjua, na mkataba alikuwa anaujua pia.

Kwa hiyo, Nyavu_Ndogo, nakubaliana na wewe nusu. Saa ilianza kulia Septemba 2009, siku wanasaini, wala si 2012. Kiangazi cha 2011 unachokisema, alikuwa bado ana miaka 11 mbele. Nani angechukua?

#11 Nyavu_Ndogo

Mhasibu, heshima yako. Ila 2011 adhabu hiyo ilikuwa haijatungwa. Mikataba mirefu ya wastani mdogo ilikuwa ndiyo fasheni, Chicago walikuwa nayo kwa mshambuliaji wao Hossa, timu nyingi tu. Kwa mnunuzi wa 2011, milioni 5.33 kwa kipa wa fainali ilikuwa bei ya kutupwa. Ni baada ya Januari 2013 ndipo mkataba ule uligeuka kaa la moto. Vancouver walikuwa na dirisha la miezi 18 na wakalitazama likifungwa.

Dada_wa_Burnaby, la Heritage Classic sina utetezi, lilikuwa jambo la hovyo. Lakini kumbuka kwamba mkataba ulimpa Luongo haki ya kukataa timu asiyoitaka, na Florida ndiko alikokuwa anataka kwenda tangu mwanzo, kwao mkewe. Wakati mwingine hata klabu ikitaka kuuza, mlango uko mmoja tu.

Na wewe Beki_Tatu, la mabeki nalipokea. Ila tazama alichovuna kila mmoja kwenye huu "umri" mnaouimba. Schneider, kijana, alidaka vizuri sana New Jersey kwa misimu mitatu ya mwanzo. Halafu nyonga. Kuanzia mwisho wa Desemba 2017 hakushinda mechi ya msimu wa kawaida mpaka Februari 2019. Oktoba 2020 Devils wakamlipa aondoke. Luongo, mzee, akawapeleka Florida mtoano 2016, akadaka mpaka ana miaka 40, akastaafu na ushindi 489. Aliyezaliwa 1979 na aliyezaliwa 1986 wameisha karibu wakati mmoja.

#12 Beki_Tatu

Sasa unaona unavyojifunga? Kama nyonga haziangalii umri, kwa nini tumuuze mkongwe? Umetoka kuthibitisha kwamba kijana si bima.

Na kwa faida ya wasomaji, tuhesabu walichopata. Chaguo la 9 likawa Bo Horvat, akawa nahodha wa Vancouver 2019, Januari 2023 akauzwa Islanders. Kwa Luongo walipewa Shawn Matthias na kipa kijana Jacob Markström. Markström akawachukua miaka kuiva, lakini alipoiva alikuwa kipa wa kweli, akawabeba mpaka mtoano wa 2020. Kisha? Mkataba ukaisha, Thatcher Demko yuko nyuma yake analipwa kidogo, Markström akaenda Calgary, akasaini huko milioni 36 za miaka sita, na Vancouver wakamtoa bure. Bure!

Kwa hiyo mwaka 2020 Vancouver walifuata kanuni yako neno kwa neno, wakabaki na kijana. Walipata nini kwa mkongwe? Hewa.

#13 Nyavu_Ndogo

Walipata milioni sita za nafasi kwenye kikomo kila mwaka, na Demko aliyekuja kushika nafasi ya pili kwenye tuzo ya Vezina 2024. Ningependa wangepata na chaguo la drafti juu yake, sikatai. Lakini huwezi kumuuza kipa wako katikati ya msimu ambao ndiye anakupeleka mtoano. Hapo nakubali, kuna miaka ambayo unamwacha aende bure na unasema asante.

#14 Dada_wa_Burnaby

Na Luongo wetu ana kombe sasa, 2024, jina limechongwa, ingawa ni kama mshauri wa meneja wa Florida na si kwa magongo. Na 2025 Florida wakarudia. Desemba 2023 walimleta Vancouver wakamweka kwenye orodha ya heshima ya klabu, usiku huo huo tunacheza na Florida. Tulivuta "Luuuu" mpaka koo likakauka. Endeleeni na hesabu zenu.

#15 Ropoka254

Swali la mwisho kabla nilale, hapa ni saa tisa usiku. Huyu Demko mwenyewe sasa si ndiye mkongwe? Ana miaka 30, goti liliwahi kumtoa kwa mtoano wa 2024. Mngemuuza?

#16 Mhasibu wa Usiku

Julai 2025 wamemwongezea miaka mitatu, milioni 8.5 kwa mwaka, inaanza 2026-27. Na Kevin Lankinen ana 4.5 kwa miaka mitano. Jumla milioni 13 langoni. Hizo ni hesabu za 2012 zimerudi na mfumuko wa bei.

#17 Nyavu_Ndogo

Hapana, 2012 kulikuwa na kijana anayesukuma mlango. Safari hii kijana alikuwa Artūrs Šilovs, Mlatvia aliyedaka mtoano wa 2024 Demko alipoumia, na 2025 akawapa timu ya akiba ya Abbotsford ubingwa wa ligi yao akiwa mchezaji bora wa mtoano. Mwezi ule ule waliomsainisha Demko, wakampeleka Pittsburgh kwa mshambuliaji chipukizi mmoja na chaguo la raundi ya nne. Safari hii hawakusubiri, ila wamemchagua mzee. Kwa hiyo Ropoka, jibu langu ni simuuzi Demko, kwa sababu aliyetakiwa kuchukua nafasi yake yuko Pittsburgh. Ningemtafutia Lankinen timu kabla ya Machi, na ningekubali chaguo la raundi ya tatu bila kubembeleza.

#18 Beki_Tatu

Raundi ya tatu kwa Lankinen mwenye mkataba wa miaka mitano? Utapewa ya sita na utabaki na asilimia 15 ya mshahara wake. Vancouver wana uzoefu.